Msomaji wa Kijapani wa Al Wakrah

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumapili, nikiwa nimekaa garini nje ya nyumba ya Mhandisi huko Al Wakrah, Qatar, nilisikia Kijapani kikisomwa kwa sauti. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa kwanza na hewa ya nje ilivumilika. Nilifunga kitabu changu cha sarufi nikasikiliza. Sauti ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, inashuka panapotakiwa na kupanda panapotakiwa. Nilidhani Mhandisi amepata mgeni kutoka kwao. Baada ya nusu saa mlango ulifunguliwa, akatoka mwanamume wa makamo aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, anafuta miwani kwa ncha ya kanzu.

"Assalamu alaykum, sheikh," akaniambia. "Wewe ndo dereva? Mie ndo msomaji."

Wivu wangu ulianza hapo.

Mhandisi alikuwa Mjapani mzee, mshauri wa kampuni moja ya gesi. Macho yake yalikuwa yakififia kutoka katikati, akawa anaona kingo za vitu tu. Nilikuwa dereva wake kwa miaka miwili na kwa miaka hiyo miwili nilikuwa najifunza lugha yake bila kumwambia mtu, garini, katika zile saa ndefu ambazo dereva hungoja. Nilikuwa na kitabu cha sarufi, kamusi, na kadi nilizozikata mwenyewe. Nilihesabu kwamba macho ya mzee yakifikia kutosoma, nitakuwa tayari. Nilikuwa nakaribia. Kisha kampuni ikamleta Mzanzibari huyu, ambaye mtu fulani alikutana naye katika hoteli akiwa mbeba mizigo, anawatania wageni wa Kijapani kwenye lifti.

Kazi yake ilikuwa moja. Kila alasiri aliketi katika kiti cha mkono karibu na dirisha akamsomea mzee gazeti lililofika kwa ndege, siku mbili au tatu nyuma, pamoja na barua za dada yake mkubwa, ambaye aliandika kwa mkono kila wiki. Nami nilingoja nje, injini ikiunguruma kwa ajili ya kipoza hewa.

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu maandishi ya Kijapani, bila hilo mtu huyu hataeleweka. Kijapani huandikwa kwa herufi za namna mbili, zikichanganyika katika sentensi moja. Za kwanza naziita herufi za sauti. Kila moja ni silabi, ka, ki, ku, na haibadiliki. Mtu wa Kiswahili huzizoea kwa wiki chache. Za pili naziita herufi za maana. Ziko kwa maelfu, kila moja ina maana yake, na nyingi zina matamshi zaidi ya moja. Mara nyingi kanuni hukufikisha kwenye tamko sahihi. Lakini yako maneno ambayo vipande vyake havisaidii. Chukua herufi ya udongo na herufi ya kuzaa, uziweke pamoja. Ukifuata vipande utasoma "dosan". Neno lenyewe ni "miyage", yaani zawadi anayoileta msafiri. Anayelijua neno husema miyage bila kufikiri. Anayejua kanuni peke yake husema dosan.

Mimi nilikuwa mtu wa dosan. Yeye alikuwa mtu wa miyage, na hakuwa na kamusi hata moja.

Alikijifunzia Kijapani kwenye meli za Kijapani za kuvua jodari, alikofanya kazi ujanani. Mpishi wa meli alikuwa na makasha ya vitabu vya hadithi za picha. Vitabu hivyo, kwa kuwa ni vya watoto, huwa na herufi za sauti ndogondogo pembeni ya kila herufi ngumu ya maana, ili mtoto ajue itamkwe vipi. Mpishi alimsomea, kisha akamlazimisha amsomee yeye, kwa malipo ya kipande cha samaki. Basi. Hiyo ndiyo shule yake. Hakuweza kuandika hata herufi ishirini. Ukimuuliza kwa nini neno fulani linasomwa hivi, alikushangaa.

"Kwa sababu ndivyo linavyoitwa, yakhe. Wewe kwa nini waitwa wewe?"

Kijapani chake kilikuwa cha bandari. Kwa kitabu changu cha sarufi, nusu ya aliyosema ilikuwa makosa. Alikata vitenzi, alivuta irabu, alitumia maneno ambayo kamusi iliyaita ya kishenzi. Nilitarajia Mhandisi, mtu wa suti na tai hata wakati wa joto la mwezi wa nane, achoke naye. Kumbe mpishi yule wa meli alitoka pwani ileile ya kaskazini alikozaliwa Mhandisi. Mzee alikuwa akisikia habari za dunia kwa lafudhi ya nyumbani kwao, kutoka kinywani mwa mtu wa Unguja, ndani ya Al Wakrah. Siku moja nikimpeleka ofisini aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba msomaji wake akisoma bei ya mafuta humfanya akumbuke harufu ya mwani ukianikwa. Nikasema ndiyo, bwana. Nikawasha kiashirio nikaingia mzunguko.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Mkenya, Achieng, mwanamke wa Kisumu mwenye ulimi mwepesi. Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huko na ndiyo siku ya ibada kwa Wakristo pia, nilimpeleka kanisani Mesaimeer, na njiani alinichambua.

"Wewe dere, jana nimekuona umesimama hapo dirishani kama paka ya jirani."

"Nilikuwa nafuta kioo."

"Kioo cha sebule? Siku hizi unaosha nyumba pia? Kubali tu, huyo msomaji anakuumiza roho."

"Anasoma bila kufuata kanuni."

"Na anapewa chai kwa sinia. Wewe na kanuni zako unapewa kwa mlango ya jikoni."

Hilo lilikuwa kweli. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari na iliki nyingi, na aliinywa kwa kelele. Nyumba nzima ilimpenda kwa kelele hiyo.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa senti hadi kutumia mfuko mmoja wa nailoni mwaka mzima, akiufua na kuuanika. Alilala msikitini wakati wa hotuba, akakoroma, kisha akatoka nje na kuisifu hotuba kwa undani. Aliahidi vitu kwa urahisi sana. Aliniahidi mara nyingi kunifundisha, na hakunifundisha. Nilimfuata siku moja na kurasa mbili za maswali niliyoyapanga kwa namba. Alizitazama kama mtu aliyepewa bili ya umeme.

"Sheikh, haya yote wayataka ya nini?"

"Nisome kama wewe."

"Basi usisome herufi. Sikiliza mtu anataka kusema nini, halafu useme."

"Nitasikilizaje kabla sijasoma?"

Akacheka hadi akavua miwani. "Hapo ndo ulipo ugonjwa wako," akasema, akarudi ndani.

Alilamba kidole gumba kabla ya kugeuza ukurasa. Habari za hali ya hewa alizisoma haraka, kwa kebehi, maana aliona hazimhusu mtu anayeishi jangwani. Matokeo ya mpira aliyasoma mara mbili. Barua za dada alizisoma polepole, sauti imelainika, hivi kwamba ukisimama pale dirishani ungesema ni mwanamke mzee anayezungumza kupitia kwake. Na aliruka mambo. Hilo nililigundua mwaka alipokwenda likizo kwao.

Alipoondoka, Mhandisi aliniita. Nadhani Achieng alimdokezea. Akaniuliza kama ni kweli ninasoma. Niliketi katika kile kiti mwezi mzima. Nilijiandaa kila siku kwa kalamu ya risasi. Nilisoma kila kitu kilichoandikwa, kwa mpangilio, kutoka juu kulia hadi chini kushoto. Siku ya tatu nilifika kwenye barua ya dada iliyosema mbwa wao mzee amekufa, alikutwa chini ya ngazi. Nikasoma. Mzee hakula usiku ule. Achieng alinifuata hadi garini.

"Ulikuwa lazima umwambie ya mbwa?"

"Imeandikwa."

"Msomaji wetu angeiruka hiyo."

"Basi si msomaji huyo, ni mchujaji."

"Hata chai inachujwa, dere."

Mwisho wa mwezi Mhandisi alinishukuru. Alisema nimesoma kila herufi vizuri sana. Alikuwa mtu mwenye adabu na alichagua maneno yake. Msomaji aliporudi na halua na karafuu, nilisikia kupitia dirishani kicheko cha mzee, ambacho kwa mwezi mzima sikuwa nimekisikia.

Miaka ilienda hivyo. Macho ya mzee yakazidi kuharibika. Ilipotangazwa kwamba Kombe la Dunia litakuja Qatar, barabara zilianza kuchimbwa kila mahali, na safari ya Al Wakrah hadi ofisini ikawa ndefu mara mbili. Kampuni ikamhamishia The Pearl, mtaa wa maghorofa huko Doha, ghorofa ya juu yenye lifti, ili asihangaike na ngazi. Msomaji alibaki na chumba chake Al Wakrah, nikawa ninampitia kila alasiri. Sasa nilikuwa ninamwendesha na yeye. Alikaa kiti cha mbele, akaimba taarabu kwa pua, akaniuliza habari za Tanga, akaniita mdogo wangu. Kwa kuwa The Pearl dirisha halifunguki, aliniombea ruhusa nikae ndani, kwenye kiti karibu na mlango. Hilo alilifanya bila mimi kumwomba. Sikumshukuru ipasavyo. Kukaa ndani kulinifanya nisikie vizuri zaidi kiasi cha umbali uliokuwa kati yetu.

Ndiyo maana kosa la kwanza nililisikia mimi.

Alikuwa anasoma tangazo la duka la saa. Saa, ya mkononi au ya ukutani, kwa Kijapani ni neno la herufi mbili za maana, wakati na hesabu, na hutamkwa "tokei". Vipande vyake, ukivifuata kijinga, vinatoa "jikei". Akasoma jikei. Nilinyanyua kichwa. Mhandisi akajibu kitu kuhusu bei, akilitumia neno sahihi, tokei, kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake leso iliyoanguka. Msomaji akaendelea.

Wiki ile nilihesabu makosa matatu. Yalikuwa makosa ya aina moja. Hakukosea herufi hata moja ya sauti. Hizo alizisoma kwa ulaini uleule. Maneno yanayofuata kanuni pia aliyasoma sawa. Alianguka pale tu ambapo neno lina tamko lake lenyewe ambalo vipande havilifikii. Mkubwa na mtu, ambayo ni "otona", yaani mtu mzima, aliisoma "daijin". Na alasiri moja, katika barua ya dada, akasoma dosan.

Hayo yalikuwa makosa yangu. Niliyajua kama ninavyojua viatu vyangu. Kila moja niliwahi kulifanya, kwa sababu mimi nilianza na kanuni na maneno nikayafuata kwa tabu. Yeye alianza na maneno. Mtu aliyejifunza kama yeye angeweza kusahau herufi, angeweza kukwama akanyamaza. Lakini kusoma dosan kwa uhakika, hapana. Ili mtu kama yeye aseme dosan, lazima neno miyage lenyewe liwe limeondoka kichwani.

Nilimwambia Achieng Ijumaa, barabara ya Mesaimeer.

"Msomaji anaumwa."

"Anaumwa wapi?"

"Kichwani. Amesoma dosan."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajipaka mafuta ya midomo.

"Umengoja hiyo makosa miaka mingapi, dere?"

"Si hivyo."

"Sasa umeipata, unaona kama Krismasi imefika mapema. Mzee ni mzee. Hata mimi nasahau majina ya watoto wa dada yangu."

"Hasahau. Anasoma vibaya kwa njia moja."

"Njia yako."

"Ndiyo, njia yangu. Ndiyo maana naijua."

"Ukienda kumwambia bosi hivyo, watu watasema nini? Watasema dereva anataka kiti. Na watakuwa hawajadanganya."

Nilimwambia Msomaji mwenyewe, garini. Alicheka. "Leo umenishika, mdogo wangu. Furahi basi." Nikamuuliza miyage ni nini. Alitazama mbele, kwenye foleni, kwa muda. "Si hicho kitu," akasema. "Kitu cha Wajapani." Nikabadilisha gia.

Aliyeniamini mwishowe alikuwa Achieng, na hakuniamini kwa sababu ya Kijapani. Alikuwa anapika pilau jikoni The Pearl na Msomaji amesimama karibu na rafu. Akamwomba ampatie iliki.

"Iliki ndo nini?" akauliza.

Achieng alicheka, maana alidhani ni utani. Mtu wa Unguja, aliyekunywa chai ya iliki mbele yake miaka yote hiyo. Akamwonyesha kopo. Msomaji alichukua punje moja, akaigeuzageuza, akainusa kwa makini kama mtu anayekagua bidhaa ngeni.

"Yanukia vizuri," akasema. "Ya nini hii?"

Achieng alizima jiko. Alikuja mlangoni nilipoketi. Akasema, "Mpeleke hospitali. Leo. Mimi nitamwambia bosi."

Daktari alikuwa mwanamke wa Kisudani, mtulivu, asiyepoteza maneno. Walimpiga picha za ubongo. Nilikaa naye kama mkalimani wa Kiswahili, na daktari alipouliza tuliona nini kwanza nilimweleza yote, jikei, daijin, dosan, nikimchorea herufi kwenye karatasi. Hakunicheka. Alisema yeye hajui Kijapani, lakini jambo hilo analitambua, madaktari wanaozungumza lugha hiyo wameliona kwa wagonjwa wao. Kusoma kwa sauti, alisema, kuna njia mbili kichwani. Moja hutoka kwenye herufi moja kwa moja hadi kwenye sauti. Nyingine hupitia maana. Kwa mgonjwa wetu, sehemu ya ubongo karibu na sikio la kushoto ilikuwa ikisinyaa, na huko ndiko maana za maneno zinakokaa. Njia ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa inafungwa.

"Wengine wakipata kiharusi huwa kinyume chake," alisema. "Herufi za sauti ndizo zinazowashinda, na za maana zinabaki. Ataiona herufi ya dawa akasema daktari. Huyu si wa namna hiyo."

"Atapona?"

"Hapana. Lakini anaweza kukaa vizuri muda mrefu kidogo, akiwa na utaratibu na watu anaowazoea. Asihamishwe ovyo."

Njiani Msomaji aliniuliza mwanamke yule amesema nini. Nikamwambia amesema ubongo unapungua upande mmoja.

"Upande wa Kijapani?"

"Upande wa maneno yote."

"Ah," akasema. "Nami nikadhani ni umri."

Baada ya siku chache Mhandisi aliniita peke yangu. Alisema kampuni inamlipa msomaji ili asome, na ofisi imeshasikia. Kama hawezi kusoma, mkataba wake utakatishwa. Hapa kila mtu anajua maana yake: kazi ikiisha, kibali cha ukaazi kinaisha, na kadi ya afya inaisha, na mtu anapandishwa ndege. Kisha akasema kwamba mimi nimejiandaa miaka mingi, yeye amejua, na kwamba kiti ni changu nikitaka, riyali mia tisa kwa mwezi juu ya mshahara wa udereva.

Nilikuwa nimelitaka neno hilo tangu Jumapili ile ya Al Wakrah. Niliomba siku moja.

Nitaeleza nilivyofikiri, kwa kuwa watu baadaye walinisifu kwa sababu zisizo zangu. Nilitaka kumshinda Msomaji akiwa mzima. Nilitaka siku moja asome yeye, nisome mimi, na mzee asitambue tofauti. Kuketi pale kwa sababu yeye ameanguka kungekuwa kukiri kwamba kwa njia nyingine nisingefika. Tena mzee angenisikiliza kila alasiri kwa masikio yanayomngoja mwingine. Mwezi mmoja wa namna hiyo nilishauonja.

Kesho yake nilimwambia Mhandisi kwamba Msomaji hajapoteza herufi za sauti hata moja. Anazisoma kama zamani, kwa lafudhi ileile. Alijifunzia kwenye vitabu vya watoto vyenye herufi ndogo pembeni. Basi mnipe gazeti na barua saa mbili kabla. Nitakaa garini, nitaweka herufi za sauti pembeni ya kila neno gumu, kwa kalamu ya risasi. Yeye atasoma. Ofisi itakuwa na msomaji anayesoma.

Mzee akauliza, "Na wewe utalipwa nini?"

"Mimi ni dereva," nikasema.

Tukafanya hivyo. Ilifanya kazi kuliko nilivyotarajia, na hilo nalo liliniuma. Alasiri ya kwanza Msomaji alilamba kidole gumba, akafungua gazeti, akasoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kosa. Sauti ileile. Miyage ilikuwa miyage, kwa sababu nilikuwa nimeiandika. Mhandisi aliegemea kiti akafumba macho. Nilikuwa karibu na mlango na vidole vyeusi kwa risasi, nikisikia kazi yangu ikitoka kwa uzuri ambao sikuweza kuutoa mwenyewe. Hospitali aliendelea kwenda. Alitambua njia, lifti, kiti, sinia ya chai. Achieng alimtilia iliki na kumwambia kila siku inaitwaje.

Kitu kimoja tu kilibadilika, na mzee hakukisikia mara moja. Msomaji hakuruka tena. Bei, mpira, vifo, hali ya hewa, vyote vilikuja kwa sauti moja nzuri. Asiyejua neno lina nini hawezi kulificha.

Kisha ikaja barua isiyo na mwandiko wa dada. Niliifungua garini kama kawaida. Iliandikwa na jirani. Dada amefariki, usingizini, baada ya homa ya siku chache.

Nilikaa na kalamu. Msomaji wa zamani angeitia barua ile mfukoni, angemwambia mzee kwa maneno yake, baada ya chai, akiwa amemshika mkono. Mimi ningeweza kuingia na kumwambia. Nilijaribu sentensi kadhaa kwa Kijapani, kwa sauti, garini peke yangu. Zote zilikuwa sahihi, na zote zilisikika kama tangazo la uwanja wa ndege. Nikaweka herufi za sauti pembeni ya kila neno, hadi la mwisho, nikapanda juu.

Aliisoma vizuri. Alipofika kwenye neno la kufariki hakusita, sauti ilipanda kidogo mwishoni kama alivyozoea. Mhandisi alimwomba arudie. Akarudia, vilevile, kwa furaha ya mtu anayeombwa wimbo mara ya pili. Ndipo mzee alipojua kiasi cha kilichokwisha kuondoka. Aliinuka, akamwinamia kwa muda mrefu, na Msomaji naye akainama kwa adabu kwa kuwa hilo alilikumbuka.

Baadaye, kwenye korido, nilimwambia Mhandisi samahani. Nilisema labda ningemwambia mimi.

"Hapana," akasema. "Kwetu hivi ndivyo dada alivyokuwa akizungumza. Nimeisikia kwa sauti yake."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka. Hata msiba wake ulifaa zaidi kutoka kinywa kile.

Mhandisi aliamua kurudi kwao. Mkataba wake ulipoisha, na wetu uliisha. Jioni moja kabla Msomaji hajasafiri, mtoto wa ndugu yake akiwa ameshafika kumchukua, nilikwenda chumbani kwake Al Wakrah. Alikuwa kitandani na kanzu safi, mfuko wa nailoni umekunjwa juu ya sanduku. Alinitazama kwa ukarimu.

"Wewe ndo mleta karatasi," akasema. "Leo mbona mikono mitupu?"

Nilikuwa na gazeti la zamani garini. Nikalileta. Alisimama, akavaa miwani, akasoma. Ilikuwa habari ya ujenzi wa daraja. Wafanyakazi wa Kinepali wa vyumba vya jirani walisimama koridoni na taulo mabegani, wakasikiliza hadi mwisho. Mmoja wao alipiga makofi. Katika watu wote waliokuwepo, ni mimi tu niliyeelewa, naye hakuelewa hata neno moja, na nilisimama pale ninamwonea wivu kama siku ya kwanza.

"Nani aliyeandika hivi vidogo?" akauliza, akigusa herufi zangu za kalamu ya risasi kwa kidole. "Vimenyooka."

"Dereva," nikamwambia.

"Mwambie ana mkono mzuri."

Nilisema nitamwambia. Nikaenda kukaa garini, nikapiga hesabu ambayo nilikuwa nimeiahirisha. Tulifanya vile kwa miezi kumi na minne. Mia tisa kwa mwezi, ambazo sikuzichukua. Riyali elfu kumi na mbili na mia sita.